Nyonga Iliyosemwa Kuwa Nzima: Kisa cha Mgonjwa wa Selimundu na Picha za MRI

Fomu ya rufaa ilikuwa na mistari mitatu tu. Mgonjwa ni binti wa miaka 23 mwenye selimundu ya aina ya SS, yaani aliyerithi kasoro hiyo ya damu kwa wazazi wote wawili, ana maumivu ya kinena upande wa kulia kwa miezi minne sasa, na eksirei ya nyonga imeonekana ya kawaida. Chini ya maelezo hayo daktari alikuwa ameandika ombi lake: MRI, yaani picha za sumaku, ya nyonga ya kulia. Ombi lilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na ile sehemu ndogo iliyokosewa nitaieleza mahali pake, kwa kuwa ingeachwa ilivyo binti huyu angepata nusu ya jibu alilostahili.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu si mtu mmoja anayeweza kutafutwa katika rejesta ya hospitali fulani. Nimemkusanya kutokana na sura ambayo tatizo hili huja nayo mara nyingi, ili niweze kueleza kila hatua kwa uhuru bila kuanika siri ya mtu. Tatizo lenyewe si la kubuni. Nchini Tanzania pekee hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na kadiri huduma za watoto hao zinavyoboreka ndivyo wengi wao wanavyofikia utu uzima, umri ambao viungo, hasa nyonga, huanza kudai gharama ya miaka yote ambayo damu ilikuwa ikikwama katika mishipa midogo.

Maumivu yalianza taratibu. Mwanzoni binti aliyasikia akipanda ngazi za chuoni, kisha akayasikia hata akigeuka kitandani, na kwa wiki kadhaa alidhani kuwa goti ndilo lenye kasoro, kwa sababu maumivu yalishuka kwa mbele ya paja hadi juu ya goti. Jambo hilo ni la kawaida, kwani neva zinazohudumia nyonga zinahudumia pia eneo la goti, na wako wagonjwa wengi waliopigwa picha za goti mara mbili au tatu kabla mtu hajakumbuka kuugeuza mguu na kuichunguza nyonga. Zaidi ya hapo, mtu mwenye selimundu ana mzigo mwingine: kila maumivu yake huwekwa katika fungu moja la mashambulizi ya ugonjwa, akapewa dawa za maumivu na maji, akarudishwa nyumbani. Aliyegundua kuwa safari hii mambo ni tofauti alikuwa mama yake, ambaye aliona bintiye anachechemea hata siku ambazo hakulalamika. Shambulio la kawaida huja kwa kishindo, hudumu siku chache, kisha hupungua. Maumivu haya hayakuwa na kishindo na hayakuondoka. Daktari wa mifupa alipomlaza chali, akakunja goti na kujaribu kuuzungusha mguu kwa ndani, binti alikunja uso na mguu ukagoma mapema. Hiyo ndiyo dalili iliyozaa rufaa.

Kuhusu ile eksirei, hakuna aliyeisoma vibaya. Ilikuwa kweli ya kawaida. Eksirei huonyesha madini ya mfupa, na mfupa uliokufa kwa kukosa damu haupotezi madini yake siku hiyo wala mwezi huo. Chembe hai zimekwisha, lakini jengo bado limesimama, kama nyumba iliyohamwa ambayo mpita njia hawezi kujua kuwa haina watu. Mabadiliko huonekana kwenye eksirei pale tu mfupa hai ulio pembeni unapoanza kupandikiza mfupa mpya juu ya ule uliokufa na hivyo kuongeza weupe, au pale uso wa mfupa unapobonyea. Hata upotevu wa madini wenyewe hauonekani kwa macho mpaka ufikie takriban asilimia 30 hadi 50. Kwa hiyo neno "kawaida" katika ripoti ya eksirei ya mgonjwa wa aina hii lina maana finyu: jengo halijaanguka bado. Halisemi lolote kuhusu uhai wa mfupa, na kosa la watu wengi, madaktari wakiwemo, ni kulisoma kana kwamba linasema.

Kichwa cha mfupa wa paja kimekaa vibaya kwa upande wa damu. Kimezungukwa karibu chote na gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ambalo halina mishipa, na sehemu kubwa ya damu yake hutoka kwenye mshipa mmoja unaozunguka shingo ya mfupa kwa nyuma na kutoa matawi madogo yanayopanda kandokando ya shingo hadi ndani ya kichwa. Kuna tawi jingine linalopita katika kano iliyo katikati ya kiungo, lakini kwa mtu mzima mchango wake ni mdogo. Matawi yakishaingia ndani hayana njia nyingi za kusaidiana. Chembe nyekundu za mwenye selimundu, zinapopungukiwa oksijeni, hugeuka umbo na kuwa ngumu, na mahali penye mishipa myembamba isiyo na njia mbadala ndipo zinapokwama kwanza. Sehemu ya juu na ya mbele ya kichwa, ambayo ndiyo hubeba uzito mtu anapotembea, mara nyingi huumia mapema. Baada ya damu kukatika, chembe za uboho zinazotengeneza damu hufa ndani ya saa 6 hadi 12, chembe za mfupa ndani ya saa 12 hadi 48, na chembe za mafuta zinaweza kustahimili kati ya siku 2 na 5. Mpangilio huu wa kufa una umuhimu kwa anayesoma picha za MRI, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Watu wengi hudhani kuwa MRI ni eksirei iliyo bora zaidi. Si hivyo. Mashine hii hufuatilia protoni za haidrojeni, na haidrojeni imejaa katika maji na mafuta. Ndani ya sumaku ya tesla 1.5, ambayo nguvu yake ni takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia, protoni hizo huitikia mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64, kisha hurudisha ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Mfupa mgumu wenyewe una maji kidogo, na hayo machache yamebanwa kiasi kwamba ishara yake huzimika katika muda usiofikia milisekunde moja, kabla ya mashine ya kawaida kuanza kusikiliza. Matokeo yake ni kwamba ganda la mfupa huonekana jeusi, na vijiti vyembamba vya mfupa sponji navyo ni vyeusi. Tunachokiona kiking'aa ni uboho uliojaza nafasi kati ya vijiti hivyo. Kwa maneno mengine, MRI huusoma mfupa kupitia kile kilichomo ndani yake, na kwa kuwa uboho hufa kabla ya jengo kuanguka, kipimo hiki hutangulia eksirei kwa miezi, pengine kwa miaka. Kwa sababu hiyohiyo, picha iliyopigwa siku ya kwanza au ya pili baada ya damu kukatika inaweza kuwa safi kabisa, maana mafuta bado hayajafa. Binti wetu alikuwa na miezi minne, hivyo hofu hiyo haikuwepo.

Siku ya kipimo ina mambo mawili ambayo vitabu vya fizikia havikai sana juu yake. La kwanza ni baridi. Chumba cha MRI huwekwa kiyoyozi wakati wote kwa ajili ya mitambo, na mgonjwa hulala bila kujongea kwa nusu saa au zaidi akiwa na nguo nyepesi ya hospitali. Kwa mtu mwenye selimundu baridi ni kichocheo kinachojulikana cha shambulio, na kukosa maji mwilini ni kichocheo kingine. Binti alipewa maji ya kunywa alipokuwa akisubiri na akafunikwa blanketi zito, na dawa ya maumivu ilitolewa nusu saa kabla, kwa kuwa nyonga inayouma haiwezi kunyooshwa kimya kwa dakika 40, na mguu ukitikisika picha huharibika. La pili ni chuma. Mteknolojia wa radiolojia alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, kisha akauliza kama binti ana kifaa chochote cha chuma mwilini, akajibiwa kwamba hana. Alipouliza tena kwa kutaja kitu kimoja kimoja, vibanio vya nywele, sidiria yenye waya, cheni ya kiunoni, hirizi, mama alisita kidogo kabla ya kusema kuwa ipo hirizi iliyoshonwa kwenye kitambaa, na ndani yake mna kipande cha bati. Ilivuliwa kwa heshima na mama akaishika mkononi nje ya mlango mpaka kipimo kilipokwisha. Swali la jumla hupata jibu la jumla, na chuma chembamba ndani ya mawimbi ya redio kinaweza kupata joto la kuunguza ngozi.

Hapo mezani ndipo fomu ilirekebishwa. Ombi lilitaja nyonga ya kulia peke yake, lakini ugonjwa huu hauna sababu ya kuheshimu upande mmoja, na nyonga zote mbili huathirika kwa wagonjwa wengi. Kwa hiyo picha za kwanza zilichukuliwa kwa upana, zikabeba fupanyonga lote, nyonga zote mbili na pingili za chini za uti wa mgongo, kisha zikafuata picha za karibu za upande wa kulia zenye vipande vyembamba vya milimita 3. Kupanua eneo namna hiyo huongeza dakika chache tu. Kuomba upande mmoja tu mimi naliona kuwa kosa kubwa kuliko yote yanayofanywa katika maombi ya aina hii, na msomaji wa picha asione haya kuivuka fomu pale inapokuwa finyu kuliko ugonjwa.

Picha za T1, moja ya aina za picha za MRI, zilipotokea kwenye skrini, jambo lililoonekana mwanzo halikuwa kichwa cha mfupa. Katika T1 mafuta hung'aa, na kwa mtu mzima mwenye afya wa umri huu tungetarajia mifupa ya mapaja iwe na uboho wa manjano, wenye mafuta mengi na mng'ao mkubwa. Hapa uboho ulikuwa na rangi ya kijivu iliyokolea karibu kila mahali, kuanzia pingili za mgongo hadi fupanyonga na shingo za mifupa ya paja, ukikaribiana kabisa na rangi ya misuli iliyouzunguka. Msomaji wa kwanza, ambaye alikuwa bado katika mafunzo, aliandika katika rasimu yake kwamba uboho umevamiwa na ugonjwa ulioenea na kwamba saratani ya damu ichunguzwe. Simlaumu. Kanuni aliyofundishwa ni kwamba uboho wa mtu mzima katika T1 unapaswa kung'aa kuliko misuli na kuliko diski za mgongo, na usipofanya hivyo mtu aanze kuogopa.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ilitungwa kwa watu ambao damu yao hudumu siku 120. Chembe nyekundu za mwenye selimundu huishi takriban siku 10 hadi 20, hivyo kiwanda cha damu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika na kurudi katika maeneo ambayo kilikwisha kuyahama tangu utotoni. Uboho wa manjano hugeuka tena kuwa mwekundu, ukianzia mifupa ya katikati ya mwili na kuelekea pembeni, na ncha za mifupa mirefu ndizo hufikiwa mwisho. Mgawanyo wa binti huyu ulifuata njia hiyo hatua kwa hatua: weusi ulikuwa sawasawa pande zote mbili, hakukuwa na uvimbe uliovunja ganda la mfupa, na vichwa vya mifupa ya paja bado vilikuwa na visiwa vya mafuta. Kulikuwa na njia ya kuthibitisha bila sindano wala kunyofoa kipande cha mfupa. Zilichukuliwa picha mbili, moja wakati ishara ya maji na ya mafuta zimeelekea upande mmoja, nyingine wakati zinapingana. Mahali ambapo maji na mafuta vimechanganyika ndani ya uboho ulio hai, ishara hushuka katika picha ya pili, na mshuko unaozidi asilimia 20 huashiria uboho wa kawaida unaofanya kazi kuliko saratani iliyofukuza mafuta yote. Uboho wa binti ulishuka vizuri kupita kiwango hicho. Yangekuwapo madini ya chuma mengi kutokana na kuongezewa damu mara kwa mara, kipimo hicho kingepotosha, kwa kuwa chuma nacho huvuruga ishara, lakini yeye alikuwa ameongezewa damu mara mbili tu maishani. Sentensi ya saratani ikafutwa kabla haijamfikia mama yake.

Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu ndipo ujuzi wa mahali unapohitajika. Vitabu vingi vya radiolojia vinavyotumiwa kufundishia vimeandikwa katika nchi ambazo mgonjwa wa selimundu ni adimu, na picha ya "kawaida" iliyomo humo si kawaida ya wagonjwa wetu. Anayesoma MRI ya kiungo bila kujua hali ya damu ya mgonjwa anasoma nusu ya picha.

Baada ya mandhari kueleweka, kasoro yenyewe haikuwa ngumu kuiona. Katika kichwa cha kulia, sehemu ya juu na mbele, kulikuwa na mstari mweusi uliopinda kama ukingo wa pwani, ukikikata kisiwa cha mafuta kutoka kwa sehemu nyingine. Katika picha za T2, aina nyingine ambamo maji hung'aa, mstari huo ulijigawa mara mbili, mweusi upande wa nje na mweupe upande wa ndani. Ni alama ambayo Mitchell na wenzake waliieleza mwaka 1987 na ambayo mpaka leo ni miongoni mwa dalili zinazoaminika zaidi za nekrosisi ya mfupa, yaani kufa kwa mfupa kwa kukosa damu: mstari wa ndani ni tishu changa yenye mishipa inayojaribu kuingia katika eneo lililokufa, na ule wa nje ni mfupa ulioongezeka ugumu mbele yake. Wapo wanaosema, na nadhani wana haki kwa kiasi, kwamba sehemu ya mstari huo hutokana na mashine kukosea kidogo mahali mafuta yanapopakana na maji. Haibadilishi utambuzi. Cha kushangaza kwa msomaji mgeni ni kwamba ndani ya mpaka huo, eneo lililokufa lenyewe liling'aa kama mafuta ya kawaida. Mafuta yaliyokufa hubaki mahali pake kama mafuta. Kinachotangaza kifo ni ule mpaka, yaani juhudi za walio hai kukizunguka kilichokufa.

Picha za STIR, zinazozima mafuta na kuacha maji yang'ae, ziliongeza taarifa nzito. Kulikuwa na uvimbe wa maji katika uboho ulioenea kutoka kwenye kichwa hadi shingoni, pamoja na majimaji ya kiasi ndani ya kiungo. Uvimbe huo wa uboho huandamana na maumivu, na ukitokea katika nekrosisi humfanya msomaji atafute ufa, kwa sababu mara nyingi huja wakati vijiti vya mfupa vimeanza kuvunjika chini ya gegedu. Kwa hospitali zenye mashine za sumaku ndogo, za tesla 0.3 kwa mfano, STIR ndiyo njia ya kutegemea. Mbinu nyingine ya kuzima mafuta hutegemea tofauti ya masafa kati ya mafuta na maji, ambayo kwenye tesla 1.5 ni takriban hezi 220 lakini kwenye 0.3 hushuka hadi karibu hezi 45, nafasi iliyo ndogo mno kwa mashine kutenganisha moja na jingine. Hospitali yenye mashine ndogo bado inaweza kuitambua nekrosisi ya nyonga vizuri kabisa, mradi picha ziombwe kwa namna inayoifaa.

Majimaji hayo na uvimbe huo yalileta swali ambalo kwa mgonjwa wa selimundu halikwepeki: je, ni uambukizo? Mifupa ya wagonjwa hawa hushambuliwa na bakteria, Salmonella wakiwa maarufu miongoni mwao, na picha ya MRI ya mfupa ulioambukizwa inaweza kufanana sana na ya mfupa uliokosa damu. Hapa picha peke yake haitoshi, na anayedai kuwa inatosha ana ujasiri nisio nao. Binti hakuwa na homa, kipimo cha damu cha CRP, ambacho hupanda mwili unapopambana na uambukizo, kilikuwa kimepanda kidogo tu, hakukuwa na jipu katika misuli wala ganda la mfupa lililoliwa, na ule mstari maradufu ulikuwa wazi. Mizani ililalia upande wa nekrosisi. Angekuwa na homa, sindano ya kuvuta majimaji ya kiungo ingetangulia mazungumzo mengine yote.

Daktari wa upasuaji hahitaji kuambiwa tu kuwa mfupa umekufa. Anataka kujua kiasi gani kimekufa na kama uso umeanza kubonyea. Kwa swali la kwanza tulipima pembe. Njia hiyo ilianza na Kerboul na wenzake nchini Ufaransa mwaka 1974 kwa kutumia eksirei, baadaye ikahamishiwa kwenye MRI: hupimwa pembe ya eneo lililokufa katika kipande cha katikati cha picha ya mbele, kisha katika kipande cha katikati cha picha ya ubavuni, na zote mbili hujumlishwa. Kwa nyonga ya kulia tulipata nyuzi 105 na nyuzi 95, jumla 200. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2006 uliweka chini ya nyuzi 190 kuwa hatari ndogo ya kubonyea, zaidi ya 240 kuwa hatari kubwa, na kati ya hapo kuwa hatari ya wastani. Binti aliangukia katikati, ingawa karibu zaidi na ukingo wa chini. Ila hesabu hiyo haikutokana na wagonjwa wa selimundu, ambao mfupa wao unaendelea kunyimwa damu mwaka hadi mwaka, kwa hiyo niliiandika nambari hiyo katika ripoti bila kuiambatanisha na faraja.

Kwa swali la pili MRI iliishia njiani. Gegedu lilionekana laini na mviringo wa kichwa ulikuwa mzima, lakini katika vipande viwili kulikuwa na uzi mwembamba chini ya uso ambao haukuweza kusemwa kwa uhakika kuwa ni ufa. Ufa wa namna hiyo ni jambo la madini, si la uboho, na hapo CT, yaani eksirei ya vipande inayotengenezwa na kompyuta, huona vizuri zaidi kuliko MRI. Wengine husita kuomba kipimo cha pili baada ya kipimo cha gharama kubwa, na ninaielewa familia inayouliza kwa nini MRI haikutosha. Jibu ni kwamba vipimo hivi havipo katika ngazi moja, cha juu kikifuta cha chini. CT ya nyonga zote mbili, kwa mionzi iliyopunguzwa kwa kuzingatia umri wake na kuwa eneo lenyewe ni la uzazi, ilionyesha vijiti vikiwa vimeshikana na uso ukiwa haujapasuka. Pia ilionyesha weupe hafifu wa mfupa mpya kando ya mpaka, ambao eksirei haikuuonyesha. Kwa mfumo wa ARCO, mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za nekrosisi, uliorekebishwa mwaka 2019, unaoweka hatua ya kwanza pale eksirei inapokuwa safi na MRI ikiwa na kasoro, ya pili pale mfupa mpya unapoonekana bila uso kubonyea, ya tatu pale uso unapovunjika, na ya nne pale kiungo kizima kinapochakaa, nyonga ya kulia ilikuwa mwanzoni mwa hatua ya pili.

Uamuzi wa matibabu haukuwa wangu, lakini picha ziliuelekeza. Upo upasuaji wa kutoboa kichwa cha mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake na kufungua njia ya damu, na ni wenye mantiki kwa hatua hii. Hata hivyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliolinganisha, kwa wagonjwa wa selimundu, upasuaji huo pamoja na fiziotherapia dhidi ya fiziotherapia peke yake haukuona tofauti kubwa baada ya miaka mitatu, na kila upasuaji kwa mgonjwa huyu hubeba hatari za dawa ya usingizi na za kuongezewa damu. Kikao cha madaktari kiliamua aanze na magongo, fiziotherapia ya kuimarisha misuli bila kuubebesha mguu uzito, haidroksiurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya selimundu, iliyokuwa imesimama kwa miezi kadhaa irejeshwe, na picha zirudiwe baada ya miezi sita. Kuweka nyonga ya bandia kuliachwa kwa wakati ambapo kichwa kitakuwa kimebonyea, kama kitabonyea. Kwa mtu wa miaka 23 kifaa hicho kitahitaji kubadilishwa pengine zaidi ya mara moja maishani.

Inabaki nyonga ya kushoto, ile isiyoombwa. Haikuwa ikimuuma hata kidogo. Katika picha za upana ilikuwa na mstari uleule maradufu, ukizunguka eneo dogo zaidi, nyuzi 60 kwa mbele na 55 kwa ubavuni, bila uvimbe wa uboho na bila majimaji. Mtu anaweza kuona nyuzi 115 akaipitisha kama jambo la pembeni. Lakini Hernigou na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, walizifuatilia nyonga 121 za watu wazima wenye selimundu ambazo zilikuwa na nekrosisi bila maumivu, na kwa miaka mingi ya ufuatiliaji 93 kati yake zilibonyea. Hivyo nyonga isiyouma ilistahili kuingia katika ripoti kwa uzito uleule, na mpango wa magongo ulibadilishwa ili mguu wa kushoto usibebeshwe kazi yote ya mwenzake. Fiziotherapia ya kumfundisha kutembea kwa magongo mawili badala ya kuegemea upande mmoja ilianza wiki hiyohiyo.

Ripoti iliyotoka ilikuwa na hitimisho la sentensi nne: "Nekrosisi ya vichwa vyote viwili vya mifupa ya paja. Kulia: eneo la ukubwa wa kati, jumla ya nyuzi 200, lenye uvimbe wa uboho, CT haionyeshi ufa wala kubonyea, ARCO hatua ya 2. Kushoto: eneo dogo, jumla ya nyuzi 115, halina dalili kwa sasa, lifuatiliwe pamoja na la kulia. Weusi wa uboho ulioenea katika T1 ni uboho mwekundu uliorejea kutokana na selimundu na hauhitaji kuchunguzwa kama saratani."